Viungio Kwanza, Kasi Baadaye: Kuunda Kompyuta ya Mezani Itakayokua kwa Bajeti Ndogo

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, na ninyi nyote mliofika na orodha za vifaa mfukoni,

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuunda kompyuta ya mezani kwa fedha kidogo, kompyuta ambayo mwenyewe ataweza kuiongezea uwezo kadiri mkono wake utakavyofunguka. Naanza na jambo ambalo huenda baadhi yenu hamtalifurahia: kompyuta ya kwanza mtakayoiunda kwa bajeti ya namna hiyo haitakuwa na kasi mnayoitamani, na wala haipaswi kuwa nayo. Mwenye fedha kidogo anayeitaka kasi yote leo huipata kwa kubana mahali pasipoonekana, yaani kwenye bodi mama (bamba linalounganisha vifaa vyote), kwenye pawa saplai (kifaa kinachoigawia mashine umeme) na kwenye kasha, na kwa kufanya hivyo huifunga mashine yake isikue tena. Msimamo wangu ni kwamba fedha haba ziende kwanza kwenye viungio, nikimaanisha soketi ya prosesa (chipu inayofanya hesabu zote), sloti za RAM (kumbukumbu ya muda), sloti za kadi, nyaya za umeme na nafasi iliyomo ndani ya kasha. Kisha viungio hivyo vivalishwe vifaa vya bei ya chini kabisa vinavyoweza kuifanya kazi ya leo bila kulalamika.

Jambo hili linawezekana kwa kuwa kompyuta ya mezani imejengwa juu ya vipimo vinavyojulikana na watengenezaji wote. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwezi Agosti 1981, iliweka ndani yake sloti tano za upanuzi na ikachapisha maelezo ya kiufundi yaliyowawezesha watu wengine kutengeneza kadi za kuchomeka humo. Mwaka 1995 Intel, mtengenezaji wa prosesa, ilitangaza kipimo cha ATX, ambacho bodi yake kamili ina milimita 305 kwa 244, na mwaka 1997 ikafuata microATX yenye milimita 244 kila upande. Vipimo hivyo vingali vinatumika hadi leo, kiasi kwamba kasha la ATX lililotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1990 laweza kufungwa bodi ya siku hizi kwa skrubu zilezile, ijapokuwa upitishaji wake wa hewa utakuwa duni. Kwenye kompyuta mpakato nyingi za sasa hali ni tofauti kabisa, kwani prosesa, na mara nyingi hata RAM, huwa zimechomelewa moja kwa moja kwenye bodi, na uwezo ulionunua siku ya kwanza ndio utakaobaki nao.

Kiungio kizito kuliko vyote ni soketi ya prosesa, na hapa historia ya miaka ya karibuni inafundisha kuliko tangazo lolote la duka. Mwaka 2015 Intel ilileta soketi ya LGA1151 pamoja na prosesa za kizazi cha sita. Miaka miwili baadaye kizazi cha nane kilikuja kwenye soketi yenye jina lilelile na idadi ileile ya migusano, lakini prosesa zake hazikukusudiwa kufanya kazi kwenye bodi za vizazi viwili vilivyotangulia, hivyo aliyetegemea jina la soketi pekee alijikuta na prosesa isiyowaka. Ikafuata LGA1200 mwaka 2020, LGA1700 mwaka 2021, na LGA1851 mwaka 2024. Kwa upande wa AMD, mshindani wa Intel, soketi ya AM4 ilipokea prosesa zake za kwanza za Ryzen mwezi Machi 2017, ikapokea za mfululizo wa 5000 mwezi Novemba 2020, na mwezi Aprili 2022 ikapokea Ryzen 7 5800X3D, ambayo kwa michezo ya kompyuta ilikuwa miongoni mwa prosesa bora za wakati wake. Maana yake ni kwamba mtu aliyenunua bodi ya AM4 mwaka 2017 na kuiwekea prosesa hafifu ya viini vinne (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) aliweza, ikiwa mtengenezaji wa bodi alitoa sasisho la BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine na kuitambua prosesa), kuing'oa miaka mitano baadaye na kuweka ya viini vinane ya kizazi kipya, bila kugusa RAM, diski wala kasha.

Kutokana na historia hiyo zipo njia mbili za kuchagua. Njia ya kwanza ni kuingia kwenye soketi changa, kama AM5 iliyotoka Septemba 2022, kwa kununua prosesa ya chini kabisa ya familia hiyo na kusubiri matoleo yajayo. Njia hii ni nzuri kwa mwenye kipato cha uhakika, lakini AM5 hupokea RAM ya kizazi kipya, DDR5, pekee, na bodi zake huwa ghali kuliko za kizazi kilichotangulia, kwa hiyo sehemu kubwa ya bajeti humezwa kabla hujafika kwenye diski. Njia ya pili ni kuingia kwenye soketi iliyokwisha kukomaa, ambayo ngazi yake yote imeshajulikana kuanzia chini hadi juu, ukaanza na kipandio cha chini huku ukijua kwamba prosesa za juu zitaendelea kumiminika kwenye soko la vifaa vilivyotumika kadiri wenye uwezo wanavyohamia soketi mpya. Najua wapo mafundi wanaoidharau njia hii wakisema kwamba soketi iliyofungwa haina kesho. Mimi naona wanachanganya mambo mawili, kwa sababu mtu mwenye prosesa ya viini vinne kwenye soketi iliyofungwa, ambayo kilele chake ni viini kumi na sita, ana nafasi ya kukua kuliko mtu aliyenunua prosesa ya juu kabisa kwenye soketi changa na ambaye hatakuwa na fedha ya kuibadilisha kwa muda mrefu. Swali la kujiuliza dukani ni hili: juu ya prosesa hii ninayoweza kuimudu leo, je, zipo nyingine zenye nguvu walau maradufu ambazo bodi hii hii inazikubali?

Jibu la swali hilo halipatikani kwa muuzaji wala kwenye kifungashio. Lipo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa, ambayo kila mtengenezaji wa bodi huiweka kwenye ukurasa wa bodi husika pamoja na toleo la BIOS linalohitajika kwa kila prosesa. Isomeni orodha hiyo kabla ya kutoa fedha. Mwezi Mei 2020 AMD ilitangaza kwamba prosesa zake zilizokuwa zikija zisingekubaliwa kwenye bodi za mfululizo wa 400, wanunuzi wakapiga kelele, na mwezi huohuo kampuni ikabadili uamuzi. Bodi za mfululizo wa 300 zenyewe zililazimika kusubiri hadi mwaka 2022. Sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa ndogo kwa umbo: chipu inayohifadhi BIOS kwenye bodi nyingi za mwanzo ilikuwa na megabaiti 16 tu, na maelezo ya prosesa za vizazi vyote hayakuweza kuenea humo. Ndiyo maana baadhi ya masasisho yaliyoongeza prosesa mpya yaliondoa uwezo wa kutambua baadhi ya za zamani, na anayesasisha BIOS bila kusoma maelezo anaweza kujikuta na bodi isiyoitambua prosesa aliyonayo mkononi. Utaratibu salama ni kusasisha BIOS wakati prosesa ya zamani ingali imo na mashine inafanya kazi, kisha ndipo uibadilishe. Ukiweza kupata bodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa kutumia flashi ya USB bila prosesa yoyote kuwemo, nyongeza yake ya bei ina haki ya kulipwa.

Kuhusu bodi yenyewe, ziko sehemu ambazo mnunuzi wa bajeti ndogo huambiwa azitazame nazo hazimhusu, kama taa za rangi, vifuniko vya kupendeza na sauti ya ubora wa studio. Yanayomhusu ni machache: sehemu inayosawazisha umeme wa prosesa iwe na uwezo wa kuilisha prosesa utakayoiweka kesho, na ikiwezekana iwe imefunikwa na kipozajoto, sloti za RAM ziwe nne badala ya mbili ikiwa tofauti ya bei ni ndogo, na iwepo angalau sehemu moja ya M.2 (tundu dogo la kifaa bapa) kwa ajili ya SSD, yaani diski isiyozunguka. Bodi za daraja la chini kabisa, kama zile zenye chipseti (chipu inayoratibu bodi) za A320 na H610, huwaka na kufanya kazi vizuri kwa prosesa ndogo, lakini nyingi kati yake zimenyimwa kitu kimojawapo kati ya hivyo, na huko ndiko nilikosema kwamba mtu anabana mahali pasipoonekana. Daraja la kati, mfano wa B450 na B550 kwa AM4 au B660 na B760 kwa LGA1700, ndilo ningelishauri. Bodi ndogo sana ya Mini-ITX, yenye milimita 170 kila upande, inavutia macho, lakini ina sloti moja ya kadi na kwa kawaida mbili za RAM, na kwa mtu anayetaka kukua pole pole huo ni msongamano wa kununua kwa hiari.

Sasa RAM. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini mkato wa katikati umewekwa mahali tofauti makusudi ili moja isiingie kwenye sloti ya nyingine. Soketi ya LGA1700 ina bodi za aina zote mbili, kwa hiyo herufi mojawapo katika jina la bodi inaweza kuamua ni RAM gani utanunua kwa miaka yote ijayo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2025 bei za RAM zilipanda kwa kishindo kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye mahitaji ya vituo vya data vya akili bandia, na ongezeko hilo limefanya RAM ya DDR4 iliyotumika kuwa mali ya kutafutwa. Hapa lipo jambo la hesabu ambalo ningependa mlielewe vizuri. Kijiti kimoja cha DDR4 cha kasi ya 3200 hupitisha data kwa kiwango cha juu cha gigabaiti 25.6 kwa sekunde, na viwili vikiwekwa kwenye njia mbili tofauti hupitisha 51.2. Ikiwa utatumia grafiki (sehemu inayochora picha za monita) zilizomo ndani ya prosesa, grafiki hizo hazina kumbukumbu yake zenyewe, zinakula kwenye RAM ya mfumo, na kwa hiyo vijiti viwili huzipa uhai ambao kijiti kimoja hakiwezi kuutoa. Lakini kwenye bodi ya sloti mbili, ukijaza vijiti viwili vya gigabaiti 4, siku ya kuongeza utalazimika kuvitoa vyote. Kwa hiyo mwenye sloti nne aanze na viwili vya 8. Mwenye sloti mbili na kadi ya grafiki ya kujitegemea anaweza kuanza na kimoja cha 16 na kuvumilia upungufu wa muda. Na mwenye sloti mbili anayetegemea grafiki za ndani ajitahidi kupata viwili vya 8 tangu mwanzo, hata kama itabidi kitu kingine kisubiri. Kwenye bodi ya sloti nne, vijiti viwili kwa kawaida huwekwa kwenye sloti ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa, na kasi iliyoandikwa kwenye kijiti mara nyingi haifikiwi mpaka mwenyewe aingie kwenye BIOS na kuiwasha. Wapo wanaokaa miaka na kasi ya chini waliyokwisha kuilipia zaidi.

Ndugu Mwenyekiti, kama ningeruhusiwa kusema juu ya kifaa kimoja tu leo, ningechagua pawa saplai. Ndicho kifaa kisichoongeza hata chembe ya kasi, na ndiyo maana ndicho cha kwanza kukatwa kwenye bajeti. Ilhali ndicho pekee ambacho kikifa vibaya kinaweza kuondoka na vingine vyote. Nembo ya 80 Plus, iliyoanza mwaka 2004, huwachanganya wengi. Daraja la kawaida la nembo hiyo linasema kwamba kifaa hugeuza angalau asilimia 80 ya umeme kinachovuta kuwa umeme unaotumika, kinapobebeshwa asilimia 20, 50 na 100 ya uwezo wake, na daraja la dhahabu kwa umeme wa volti 115 hudai asilimia 87, 90 na 87. Hicho ni kipimo cha ufanisi. Hakisemi lolote kuhusu kinga dhidi ya volti kupita kiasi, mkondo kupita kiasi au shoti, na hizo kinga ndizo zinazolinda vifaa vyako. Tazameni maelezo ya kinga hizo, tazameni muda wa dhamana, na tazameni ni wati ngapi zinazotolewa kwenye laini ya volti 12, kwa kuwa prosesa na kadi ya grafiki hulishwa kutoka hapo. Pawa saplai iliyoandikwa wati 600 kwa nje lakini ikatoa nusu yake tu kwenye laini hiyo haikustahili jina hilo.

Kiasi cha wati hakihitaji kubahatisha. Prosesa ya AM4 iliyoandikwa wati 65 inaruhusiwa kuvuta hadi 88. Core i5-12400 ya Intel, ambayo nayo imeandikwa 65, inaweza kufika 117. Sloti ya kadi ya grafiki hutoa hadi wati 75, kebo ya pini sita huongeza 75, na ya pini nane huongeza 150. Kwa hiyo kadi yenye kebo moja ya pini nane haitarajiwi kupita wati 225, na ukijumlisha prosesa, bodi, diski na feni, kisha ukaacha nafasi kwa ajili ya mishtuko ya ghafla, pawa saplai nzuri ya wati 550 hadi 650 inatosha kwa mashine ya leo na kwa maboresho mawili au matatu yajayo. Inunueni ikiwa mpya. Na ikiwa ni ya aina ambayo nyaya zake huchomolewa, msichukue waya wa pawa saplai nyingine mkauchomeka kwa sababu tu umeingia, maana mpangilio wa pini upande wa pawa saplai haufuati kipimo kimoja, na kosa hilo limeunguza diski na bodi za watu wengi.

Kuna swali ambalo lazima lijibiwe katika kila mkutano wa namna hii: kwa nini mtu asinunue tu kompyuta ya ofisi iliyotumika? Swali ni la haki. Mashine kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zikiachwa na maofisi hupatikana kwa bei ambayo anayeanza na vifaa vipya hawezi kushindana nayo, na kwa kazi za kuandika, kusoma na kuandaa hesabu zinatosha kabisa. Tatizo lake liko kwenye viungio. Matoleo mengi yana pawa saplai ya umbo na plagi za kampuni yenyewe, bodi isiyofuata matundu ya ATX, na kasha jembamba lisiloweza kupokea kadi ya urefu wa kawaida, hivyo ukitaka kubadili kimoja unalazimika kubadili vyote. Mwenye mashine hiyo anaweza kuongeza RAM, kuweka SSD na, ikiwa nafasi ipo, kuchomeka kadi fupi isiyohitaji kebo ya ziada. Baada ya hapo safari imekwisha. Atazame pia kizazi cha prosesa, kwa sababu msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida hudai TPM 2.0 (kifaa cha usalama cha kutunza funguo za siri) pamoja na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au Ryzen ya mfululizo wa 2000 na kuendelea. Kwa mashine iliyo chini ya hapo, mifumo endeshi ya bure kama Linux Mint au Ubuntu ni makao mazuri. Ushauri wangu ni kwamba kompyuta ya ofisi inunuliwe kama kompyuta kamili, kwa kazi inayoweza kuifanya siku hiyo hiyo, na isinunuliwe kwa ndoto ya kuigeuza kitu kingine.

Kadi ya grafiki isiwemo kwenye orodha ya kwanza, isipokuwa kama kazi yako inaidai. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina grafiki ndani, na bei yake ya chini imekuwa mtego kwa wanaofika nyumbani na kukuta monita nyeusi. Kwenye AM4 mambo yamegeuzwa: zenye grafiki ni zile za herufi G. Lakini hata hapo kuna gharama iliyojificha. Ryzen 5 5600G ina viini sita sawa na Ryzen 5 5600, ila akiba yake ya ndani ya daraja la tatu (kumbukumbu ya haraka iliyomo kwenye prosesa) ni megabaiti 16 badala ya 32, na inatumia PCIe, kiungio cha kadi, ya 3.0 badala ya 4.0, kwa hiyo siku utakapoweka kadi yenye nguvu utakuwa na prosesa iliyo nyuma kidogo ya ndugu yake. Kwa anayeanza bila kadi, mimi nalikubali pungufu hilo, kwa kuwa linampa kompyuta inayowaka leo.

PCIe ni kiungio cha kistaarabu: kadi ya kizazi kipya hufanya kazi kwenye sloti ya zamani na kinyume chake, yenye kasi zaidi ikishuka hadi kasi ya mwenzake. Kwa kadi pana yenye njia kumi na sita za kupitishia data, kushuka huko karibu hakuonekani. Kwa kadi zilizobaniwa njia kunaonekana, na mfano wake ni Radeon RX 6500 XT ya Januari 2022, iliyopewa njia nne tu na gigabaiti 4 za kumbukumbu, ambayo ikiwekwa kwenye bodi ya PCIe 3.0 hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake katika michezo mingi. Ni kinyume cha haki, kwa kuwa kadi ya bei nafuu kama hiyo huwafaa zaidi wenye bodi za zamani, na hao ndio inaowaumiza. Someni idadi ya njia, msiishie kwenye umbo la plagi. Pimeni pia urefu wa kadi na nafasi ya kasha kwa rula, kwa sababu milimita chache zimewahi kumrudisha mtu dukani.

Diski na kasha nitazipitia haraka. Mfumo endeshi ukae kwenye SSD, hata ndogo. Diski ya kuzunguka ibaki kwa hifadhi. SSD ya SATA, kiungio cha zamani cha diski, husoma karibu megabaiti 550 kwa sekunde na ya NVMe, inayopitia PCIe, ya kizazi cha 3.0 inaweza kufika 3500, lakini katika kuwasha kompyuta na kufungua programu za kawaida tofauti inayohisiwa ni ndogo kuliko namba hizo zinavyodai. Angalieni tu kwamba sehemu ya M.2 kwenye bodi na SSD mnayonunua zinazungumza lugha moja, kwani umbo la M.2 hubeba SATA na NVMe pia. Kuhusu kasha, chagueni lenye uso wa wavu badala ya kioo kilichozibwa, lenye nafasi ya feni za milimita 120 mbele na nyuma, lipokee ATX na microATX, na mengine yote ni mapambo. Bandu bandu huisha gogo, na mapambo ndiyo mabandu yenyewe.

Kwenye vifaa vilivyotumika, hatari hazilingani. Prosesa huharibika kwa nadra sana. Kinachotakiwa ni kukagua pini, ambazo kwenye AM4 ziko chini ya prosesa yenyewe na kwenye LGA ziko ndani ya soketi ya bodi, hivyo bodi ya LGA isinunuliwe bila kuifungua na kuimulika soketi. RAM nayo ni salama ikiwa itapita jaribio la MemTest86+ bila kosa hata moja. Kosa moja ni sababu ya kuirudisha. Kadi za grafiki zilifurika kwenye soko hili baada ya tarehe 15 Septemba 2022, sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha mfumo wa uchimbaji uliokuwa ukizitegemea, na tangu hapo kila mnunuzi anahofia kadi iliyochoshwa na uchimbaji. Hofu hiyo ina ukweli nusu: mara nyingi kinachochakaa ni feni na pesti ya joto (inayopakwa kati ya chipu na kipozajoto), ambavyo hubadilishwa, kwa hiyo iombeni iendeshwe kwa mzigo mkubwa mbele yenu kwa nusu saa mkitazama joto na picha. SSD isomwe taarifa zake za ndani ili kuona kiasi cha data iliyokwisha kuandikwa. Diski ya kuzunguka iliyotumika na pawa saplai iliyotumika, mimi sizinunui.

Siku ya kuunganisha, washeni mara ya kwanza nje ya kasha, bodi ikiwa juu ya kadibodi yake, mkiwa na prosesa, kipozajoto, RAM na pawa saplai tu, ili tatizo likijitokeza liwe na mahali pachache pa kujificha. Na siku ya kubadili prosesa ya AM4, iendesheni mashine kwanza hadi ipate joto, izimeni na kuchomoa waya wa ukutani, kisha mkizungushe kipozajoto kidogo kulia na kushoto kabla ya kukiinua, maana pesti iliyokauka huing'oa prosesa kutoka kwenye soketi pamoja na pini zake.

Mashine ikishakuwa mezani, maboresho yafuate kipimo na yasifuate matangazo. Fungueni kidhibiti cha kazi (Task Manager) wakati mashine inafanya ile kazi inayowachosha, mtazame ni nini kimejaa. RAM ikijaa na diski ikihangaika, ongezeni RAM. Viini vyote vya prosesa vikiwa karibu na asilimia 100 ilhali kadi ya grafiki inapumzika, prosesa ndiyo ya kupandishwa. Hali ikiwa kinyume, ni zamu ya kadi. Kifaa kilichotoka kiuzwe mapema, kwa sababu thamani yake hushuka kila mwezi kikiwa kwenye droo, na fedha yake ndiyo mwanzo wa boresho linalofuata.

Itafika siku ambapo kipandio cha juu cha soketi kimekanyagwa. Siku hiyo prosesa, bodi na, kwa kawaida, RAM zitaondoka pamoja, kwa kuwa zimefungamana. Lakini kasha, pawa saplai, SSD, kadi ya grafiki, monita na kibodi zitavuka kwenda kwenye mashine mpya, na hizo ndizo zilizokuwa zikibeba sehemu kubwa ya gharama. Nimesikia kwamba wengi wenu mmekuja na orodha zilizoandikwa. Kwa ruhusa yako, Ndugu Mwenyekiti, muda uliobaki ningependa tuutumie kwa hizo: mwenye orodha asimame, ataje kwanza bodi na pawa saplai, na vingine tutavipanga baada ya hapo.